Kipindi cha Watoto Kisiwe cha Wenye Kifurushi

Ushahidi mzito kuliko wote kwamba kipindi cha televisheni kinaweza kumwandaa mtoto kwa shule ulipatikana kwa sababu ya antena. Sisi wa Mbeya, Rungwe, Makete na Ludewa, ambako kilima kimoja kinatosha kukunyima chaneli ambayo jirani wa ng'ambo ya bonde anaiona safi kabisa, tunapaswa kuielewa habari hii upesi kuliko wengine.

Kipindi ninachokisema ni Sesame Street cha Marekani. Kilianza kurushwa tarehe 10 Novemba 1969 na hadi leo kinaendelea. Waliokitazama wakiwa wadogo sasa wanakitazama na wajukuu. Mwaka 2015 wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, walitoa utafiti uliochimba mwanzo wake kwa njia ambayo haikuwahi kunijia akilini. Enzi hizo vituo vya Marekani vilitumia masafa ya aina mbili, VHF na UHF. Ya UHF yalikuwa dhaifu, yalihitaji antena yake, na televisheni nyingi za zamani hazikuweza kuyanasa kabisa. Mji mmoja ulikuwa na bahati, kituo kilichoonyesha Sesame Street kilikuwa VHF. Mji mwingine, wenye watu wa hali ileile, kituo chake kilikuwa UHF. Hivyo karibu theluthi moja ya Wamarekani walikaa mahali ambapo kipindi hakikufika, na kosa halikuwa lao.

Wachumi hao wakawalinganisha watoto wa maeneo hayo mawili. Waliokuwa bado hawajaanza shule mwaka 1969, na ambao mawimbi yaliwafikia vizuri, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusoma darasa linalolingana na umri wao. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana, kwa watoto weusi na kwa waliotoka maeneo maskini. Walipofuatilia maisha ya ukubwani, kiwango cha elimu cha mwisho na kipato, tofauti haikuonekana wazi namna hiyo. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Kazi ya kipindi cha mtoto wa miaka minne ni kumfikisha darasa la kwanza akiwa haogopi namba wala herufi. Ya mbele ni ya walimu na wazazi.

Ninachokitoa hapo ni kimoja, na ndicho kinachonifanya niandike: kipindi kilikuwa kizuri kilekile kila mahali, lakini aliyesaidika ni yule aliyefikiwa.

Na kilikuwa kizuri kweli, tusikipunje. Wazo lilizaliwa mezani, kwenye chakula cha jioni nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa televisheni jijini New York, mwaka 1966. Miongoni mwa wageni alikuwepo Lloyd Morrisett, ofisa wa taasisi ya Carnegie, ambaye alikuwa akitoa fedha za utafiti wa elimu ya watoto. Binti yake mdogo alikuwa na tabia ya kuamka alfajiri na kukaa mbele ya televisheni akitazama ile michoro isiyotikisika inayowekwa kabla matangazo hayajaanza. Baba mtu akajiuliza, na akamuuliza mwenyeji wake, kama chombo chenye nguvu ya kumshika mtoto namna hiyo kingeweza pia kumfundisha. Cooney akazunguka nchi akizungumza na wataalamu, akaandika ripoti, na kufikia mwaka 1968 zilikuwa zimepatikana dola milioni 8 kutoka Carnegie, taasisi ya Ford na serikali ya Marekani. Walengwa wakuu walitajwa tangu siku ya kwanza: watoto wa maskini, walioanza shule wakiwa tayari wameachwa nyuma na wenzao wenye vitabu nyumbani.

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila mtayarishaji wetu akijue. Waliajiri watafiti wakae chumba kimoja na waandishi. Mmoja wao, Edward Palmer, alikuwa akimkalisha mtoto mbele ya televisheni, kisha pembeni anaweka mashine ya picha inayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Mtafiti hatazami kipindi. Anatazama macho ya mtoto, na kuandika ni wakati gani yamehama kwenda kwenye picha za pembeni. Palipohama sana, kipande hicho kilirudi kwa waandishi kikafumuliwe.

Julai 1969, miezi michache tu kabla ya kwenda hewani, walijaribu vipindi vya mfano huko Philadelphia. Wanasaikolojia walikuwa wameshauri kwamba watu halisi na vikaragosi vya kipindi hicho, kazi ya mtengenezaji Jim Henson, visichanganywe, mtoto asije akachanganyikiwa. Matokeo yakawa hivi: vikaragosi vikija, watoto wanaganda, watu wazima wakianza kuongea kwenye ile barabara ya mtaa wa kuigiza, macho yanakimbia. Wakauweka ushauri pembeni. Akaundwa Big Bird, ndege wa manjano mwenye kimo cha kupita mlango, na Oscar, yule mnuna anayekaa kwenye pipa la takataka, wote wawili wakapelekwa barabarani wakaishi na watu. Wahusika wanaotambulika dunia nzima leo walizaliwa kwa sababu watoto wa Philadelphia walichoka kutazama, na kulikuwa na mtu mzima aliyelichukulia hilo kama taarifa badala ya utovu wa nidhamu.

Baada ya kusoma habari za Palmer nilianza kuwatazama watoto badala ya kutazama televisheni. Ninakaa Uyole, karibu na barabara kuu ya TANZAM, na nyumba ya jirani yangu ndiyo ukumbi wa watoto wa mtaa mzima. Mlangoni kandambili zimerundikana zikiwa na tope. Ndani, Julai ile yenye baridi, watoto wamekaa sakafuni na masweta yao, wa mbele wamesogelea kioo mpaka mama mwenye nyumba anawarudisha. Lori la kwenda Tunduma likipiga breki pale nje, vichwa vyote vinageukia dirishani. Wahusika wa katuni wakirefusha maongezi, mdogo wao anaanza kuchokonoa nyuzi za kitambaa cha kochi. Kisha ukaanza wimbo wa kuhesabu. Yule mdogo akaachia kitambaa, akainua vidole, akawa anahesabu kwa sauti kumshinda hata mwimbaji. Lori jingine likapita na breki zilezile, na hakuna aliyegeuka.

Kipindi kilikuwa Akili and Me, cha kwetu, na nitakirudia. Lakini siku nyingine nilikuwepo walipobisha hodi.

"Shikamoo mama, kimeanza?"

"Marahaba wanangu. Leo hakuna, kifurushi kimeisha."

Wakageuka wakaenda zao. Hawakulalamika, maana wamezoea, na huko kuzoea ndiko kulikoniuma. Hakuna mtu angekubali mwalimu wa darasa la awali aondoke darasani mpaka mzazi aongeze salio.

Nasema "mwalimu" nikimaanisha hivyo, kwa sababu Sesame Street haikuishia kwenye a, be, che. Mwaka 1982 alifariki Will Lee, mzee aliyeigiza kama Bwana Hooper, mwenye duka la pale mtaani. Watayarishaji wangeweza kusema amestaafu, au kumweka mtu mwingine dukani na maisha yakaendelea. Waliamua kuwaambia watoto ukweli. Walishauriana na wataalamu wa makuzi ya watoto, wakakubaliana wasiseme amelala wala wasiseme aliugua, maana mtoto anaweza kuanza kuogopa usingizi, au kuogopa kila homa. Kipande hicho kilirushwa tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani, siku ambayo wazazi wangekuwepo nyumbani kujibu maswali. Big Bird amewachorea marafiki zake wote picha, anazigawa, na inabaki moja, ya Bwana Hooper. Anasema atampa akirudi. Watu wazima wanamweleza, taratibu, kwamba aliyekufa harudi. Anakasirika, anauliza kwa nini iwe hivyo, na hawana jibu la kumpa zaidi ya kwamba ndivyo ilivyo.

Kwetu mtoto anapelekwa kwa jirani mpaka mazishi yaishe, akiuliza anaambiwa bibi amesafiri. Nia ni njema, sikatai. Ila nimeona mtoto aliyekaa wiki nyingi akikimbilia kila basi linalosimama stendi, akimngoja bibi. Kama kipindi cha dakika chache kinaweza kumsaidia mama kupata maneno ya kuanzia, hicho kimefanya kazi ambayo sisi wazazi tunaikwepa.

Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo watu wa nyanda za juu kusini tungepaswa kusimama na kusikiliza. Sesame Street ilipotoka Marekani haikutafsiriwa tu na kuachwa hivyo. Mexico walitengeneza yao mwaka 1972, Ujerumani wakaanza mwaka 1973, na baada ya muda nao wakawa na wahusika wao. Afrika Kusini walianza Takalani Sesame mwaka 2000, na Septemba 2002 wakamleta Kami: kikaragosi cha kike, cha manjano, umri miaka mitano, yatima wa mama, anaishi na VVU. Anacheza, anakumbatiwa, anamkumbuka mama yake, anawaonyesha wenzake kwamba kushikana naye mkono hakuambukizi. Kulikuwa na kelele Marekani, wabunge kadhaa wakataka uhakikisho kwamba Kami hataletwa kwenye toleo lao. Afrika Kusini waliendelea naye, kwa sababu watoto wao walikuwa wanaishi na jambo hilo tayari.

Na watoto wetu? Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7. Iringa ni 11.1. Mbeya 9.6. Ukiingia darasa lolote la awali Makambako au Mafinga, umekaa na watoto wanaojua ratiba ya dawa za mama, au wanaolelewa na bibi na hawajawahi kuambiwa kwa nini. Hakuna mkoa Tanzania ambao Kami angekuwa na marafiki wengi kuliko Njombe. Na kwa muda mfupi alikuja nchini kweli, ndani ya Kilimani Sesame, toleo la Tanzania la mwishoni mwa miaka ya 2000 lililotoka kwa televisheni, redio na vitabu, likigusa pia malaria. Watafiti waliwapima watoto zaidi ya 200 wa mjini na kijijini, wakakuta kwamba waliokipokea zaidi walipiga hatua zaidi, kwenye herufi na namba na hata kwenye mambo ya afya. Kisha kikatoweka kwenye ratiba. Mradi uliisha. Neno hilo, mradi, limetuulia mambo mengi mazuri. Mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mradi kuisha ana haja ileile na wa mwaka uliotangulia, na Sesame Street imekuwa na maana kwa sababu kila mwaka wanapozaliwa wengine inawakuta palepale.

Ndiyo maana nafurahi, na nasema wazi kwamba ninajivunia, kuona Ubongo Kids haijafa. Ilianza TBC1 Januari 2014, imetengenezwa Dar es Salaam na vijana wa Kitanzania na wenzao, kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kwenda lugha na nchi nyingine. Hesabu zinafundishwa kwa hadithi na nyimbo, na tangu mwanzo waliwawezesha watoto kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kawaida kabisa, ya kitochi. Mwaka 2016 ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi. Akili ni msichana anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaota yuko na marafiki zake wanyama, wanajifunza pamoja. Kwa mtoto wa Busokelo aliyekua na Kinyakyusa, au wa Makete aliyekua na Kikinga, kusikia Kiswahili kizuri cha mtoto mwenzake miaka miwili kabla ya kuingia darasani ni zawadi kubwa. Anafika shuleni na lugha ya mwalimu ikiwa si mgeni wake.

Nina ombi dogo kwao nikiwa hapo hapo. Waje huku. Wamlete mtoto anayeamka Kitulo na kukuta barafu nyembamba juu ya majani, anayejua pareto inavyochumwa, anayepita kwenye ukungu kwenda shule Isongole. Na hesabu ya lumbesa iwekwe kwenye kipindi! Gunia la viazi limejaa mpaka mdomoni, juu yake limeshonewa nyavu na viazi vingine vimerundikwa, bei ni ya gunia moja. Mtoto akijua kupiga hesabu ya kilo zilizopotea pale juu, baba yake atakuwa na mtetezi sokoni.

Lakini yote haya, utafiti, ukweli kuhusu kifo, Kami, Akili, yanarudi kwenye ile antena. Mwaka 1975 kulikuwa na watafiti Marekani walioonya kwamba Sesame Street inaweza kupanua pengo badala ya kulifunga, kwa sababu watoto wa wenye nacho walikuwa wanakitazama zaidi na wazazi wao wanakaa nao kuwaeleza. Onyo hilo halikukosa msingi. Kisha mwaka 2015 lilikuja jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia ya kipindi hicho. Fedha zilikuwa zimepungua, wakaingia mkataba na HBO, chaneli ya kulipia. Kuanzia Januari 2016 vipindi vipya vilionekana kwanza huko, na mtoto anayetegemea televisheni ya umma akavingoja miezi 9. Naelewa kwamba bila fedha hizo huenda kingezimwa. Bado, kipindi kilichoanzishwa kwa jina la watoto wa maskini kiliwaweka watoto wa maskini nyuma ya foleni. Mwaka 2025 mkataba mpya na Netflix umerekebisha hilo, kwa kuwa vipindi vipya vinatoka siku hiyohiyo kwenye televisheni ya umma. Na mwaka huohuo, Julai, bunge la Marekani likafuta fedha za utangazaji wa umma. Kwa hiyo hata wao hawajavuka.

Hapa kwetu mitambo ya analojia ilizimwa Mbeya mwaka 2013, na tangu hapo king'amuzi ni lazima. Picha ikawa safi, hilo ni kweli. Lakini katika nyumba nyingi chaneli ya watoto iko ndani ya kifurushi, na kifurushi kinashindana na chumvi, sabuni na daftari. Kijijini kuna sola, na sola ya Rungwe wakati wa mvua ni habari nyingine. Mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, betri haiwashi hata taa, sembuse televisheni.

Kwa hiyo nasimama hapa: kipindi cha watoto kinachofundisha kiwe kwenye chaneli ya bure, kila siku, na kisidaiwe kulipiwa kwa kisimbuzi chochote. Wenye vituo watasema matangazo ya biashara hayaji kwenye saa ya watoto. Sawa, basi ndiyo sababu kuna chombo cha umma, na ndiyo sababu tunalipa kodi. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa ili minara ifike ambako biashara haivutiwi kwenda, na ambao umesaidia kusogeza usikivu wa redio ya taifa hadi wilaya za mbali. Mnara ukishafika, kilichomo ndani ya mawimbi nacho ni haki ya kujadiliwa.

Na redio isisahaulike. Nchi hii ilijua thamani ya redio muda mrefu kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni, iliyokuja mwaka 1994. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vikundi kwa vikundi mbele ya redio, wakisikiliza na kisha kuchimba vyoo. Leo kuna Chai FM Tukuyu, Kitulo FM Makete, Nuru FM Iringa, na nyingine nyingi zinazosikika mpaka jikoni na shambani, kwa betri mbili tu. Nyimbo za kuhesabu hazihitaji kioo. Kilimani Sesame ilikuwa na redio ndani yake, na Ubongo nao wanatengeneza vya redio. Ni nusu saa tu kwenye ratiba ya kituo, na mwalimu mmoja wa awali wa pale pale mjini akae studio aulize maswali kwa majina ya vijiji ambavyo watoto wanavijua.

Kuhusu muda, nisiache kusema. Vipindi vya watoto hupangwa sana asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Aliyepanga hivyo anamfikiria mtoto aliyelala mpaka saa tatu. Mtoto wa huku Jumamosi asubuhi yuko kwenye viazi, au kwenye majani ya chai na mama, au amebeba ndoo. Jumapili yuko kanisani. Nimewauliza wa mtaani kwetu wanataka saa ngapi, na wamenijibu kwa pamoja: saa kumi na mbili na nusu jioni, maji yameshatekwa, mifugo imeshafungwa, na wakubwa bado hawajadai kioo chao kwa ajili ya taarifa ya habari.